Kompyuta Iliyomtii Kidole

Ukifika kwenye nyumba ile alasiri na ukakuta kitambaa chekundu kimefungwa kwenye kitasa cha mlango wa chumba cha nyuma, ujue Bibi anasoma. Hapo ni marufuku kugonganisha masufuria, kuburuta viti au kuitana kwa sauti. Bibi alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na tangu alipostaafu alikuwa akisoma vitabu mbele ya maikrofoni. Kompyuta kuukuu ya chumbani ilinasa sauti yake, sura baada ya sura, kisha vitabu hivyo vya kusikiliza vilipelekwa kwenye shule ya wanafunzi wasioona. Dereva wa shule hiyo alisema watoto hugombania zamu ya kumsikiliza, na kwamba wamempa jina la Bibi Sauti. Bibi alijifanya hajali, lakini siku hiyo alitembea akiimba hadi jikoni.

Mjukuu wake, msichana wa darasa la sita, alifanya kazi za shule sebuleni wakati Bibi akisoma. Nyumbani walimwita Kidole, kwa sababu hakuona kitufe akakiacha salama. Pasi, redio, kengele za milango ya watu, vyote alikwisha kuvibonyeza. La ajabu ni kwamba mara nyingi alivielewa kuliko wenyewe. Jambo moja tu lilimshinda: herufi l na r. Kwake hizo zilikuwa pacha, na pacha hao aliwachanganya tangu alipoanza kusema. Bibi alimrekebisha kila siku.

"Si chakura, mjukuu wangu. Chakula. Ulimi ugonge nyuma ya meno."

"Chakula," Kidole angesema, akatulia kidogo, kisha akaomba tena "kijiko cha chakura."

Mama yake Kidole alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha mikate. Alifanya kazi kwa zamu na alirudi nyumbani na unga kwenye nyusi, utadhani amezeeka asubuhi hiyo hiyo. Kidole alimpenda Mama kama watoto wote wanavyowapenda mama zao, lakini zaidi ya hapo alimstaajabia. Watu wengine redio ikikoroma huipiga makofi. Mama aliinama akaisikiliza. Hakukisia wala hakufokea chuma. Alipima kitu kimoja, akaridhika, ndipo akaenda kwenye cha pili, na mwisho wa yote kilichoharibika kilikosa pa kujificha. Kidole alitamani siku moja mikono yake iwe na subira ile.

Basi, wiki moja matundu ya flashi ya kompyuta kuukuu yakafa yote. Sauti ya Bibi ikawa imefungiwa chumbani. Kompyuta mpya ilikuwa sebuleni, na humo ndimo Bibi alimotayarishia vitabu kabla ya kumkabidhi dereva. Dereva alitarajiwa Jumamosi adhuhuri. Wiki iliyofuata wanafunzi wale walikuwa na mtihani juu ya kitabu ambacho Bibi alikuwa anakimalizia. Bila sauti ya Bibi wangeingia kwenye mtihani wakiwa wamesikia nusu ya kitabu.

"Msiwe na wasiwasi," Mama alisema. Jumatano jioni alirudi na waya mrefu wa mtandao. Akaupitisha chini ya kitanda cha Bibi, akaufuatisha ukutani kwa vibanio vidogo, akautoa kwenye upenyo wa mlango hadi sebuleni. Ncha moja akaichomeka kwenye kompyuta kuukuu, ncha ya pili kwenye mpya. Akazipa kompyuta zote mbili anwani zake za namba.

"Kompyuta ni kama nyumba," alimweleza Kidole. "Lazima ziwe mtaa mmoja ndipo zijuane, na kila moja iwe na namba yake ili zisigombanie wageni. Sasa folda ya Bibi tuiwekee neno la siri. Nina grisi mikononi, andika wewe. Mama, tuandike neno gani?"

Mama wa Mama, yaani Bibi, alikuwa jikoni. Alijibu kwa sauti yake nzuri iliyopenya kuta. "Kalamu!"

Kidole aliketi mbele ya kompyuta kuukuu, vidole vikaenda mbio. Kwenye skrini hakukutokea herufi, zilitokea nukta nyeusi tu, maana siri haionyeshwi hata kwa mwandishi wake. Kompyuta ikamtaka aandike tena ili kuhakikisha. Akaandika tena. Kisha akakimbilia sebuleni, akaitafuta folda ya Bibi kupitia kwenye waya, akaandika neno, na folda ikafunguka. Mafaili yote ya sauti yakajipanga mbele yake. Mama akampiga begani kwa kiwiko kwa sababu ya ile grisi, na Bibi akapiga vigelegele.

Alhamisi Kidole alipotoka shule alimkuta Bibi ameketi sebuleni, miwani juu ya paji la uso, amekasirikia skrini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Hebu njoo uone hiki kituko. Tangu asubuhi naandika neno la siri, nakataliwa. Nimeandika polepole, nimeandika haraka, nimeibembeleza, nimeitisha. Haitaki!"

Kidole akasogeza kiti, akaandika, akabonyeza. Folda ikafunguka pale pale.

Bibi alishika kiuno. "Ama kweli! Kumbe mashine hii inakujua wewe tu."

"Labda ina macho, Bibi."

"Ina macho na dharau juu yake! Haya, nihamishie sura za leo."

Kichwa cha Kidole kilivimba. Jirani alipopita kuomba chumvi, Bibi alimsimulia kwamba ndani ya nyumba kuna kompyuta inayomtii mtoto mmoja. Jirani alimtazama Kidole kwa heshima. Hata usiku, akiwa kitandani, msichana huyo alijiona mtu mkubwa.

Ijumaa ilimteremsha. Mwalimu wa darasa la sita alitoa imla, akakusanya madaftari, akasahihisha hapo hapo. Alipofika kwenye daftari la Kidole alisimama, akavuta pumzi na kusoma kwa sauti: "Mwalimu alitoa karamu mfukoni, akaandika ubaoni." Akamtazama juu ya miwani. "Karamu mfukoni, binti? Pilau na mchuzi vyote humo humo?"

Darasa lilivunjika mbavu. Msichana aliyekaa naye dawati moja, ambaye wote walimwita Pengo kwa sababu ya jino lake la mbele, alicheka mpaka akashika meza. "Mwalimu, basi tualike na sisi! Tutakuja na sahani!"

Kidole alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwalimu akaandika neno ubaoni, akapigia mstari herufi moja: kalamu. Kidole alilitazama neno lile. Taratibu aibu ikaondoka na kitu kizito zaidi kikakaa mahali pake. Alikumbuka zile nukta nyeusi. Vidole vyake viliandika nini chini ya zile nukta? Akavijaribu juu ya dawati, kama mtu anayepiga kinanda. K, a, r...

Sasa akaelewa yote. Siku ile ya Jumatano alikuwa ameandika karamu mara ya kwanza, akaandika karamu mara ya pili, na sebuleni akaandika karamu mara ya tatu. Kompyuta ilimfungulia kwa kuwa alirudia kosa lile lile. Bibi aliyeandika neno sahihi ndiye aliyefungiwa mlango. Kompyuta haikuwa na macho wala mapenzi.

Njia nzima ya kurudi nyumbani alipanga. Angesema? Bibi, mwalimu wa Kiswahili, angejua kwamba somo lake la kila siku limemshinda mjukuu wake. Na ule utukufu wa jana je? Na jirani? Bora aingie chumbani kimyakimya, abadilishe neno la siri, mambo yaishe bila mtu kujua. Lakini alipofika, kitambaa chekundu kilikuwa kwenye kitasa. Bibi alikuwa ndani anasoma. Kidole akangoja, akangoja, na kabla kitambaa hakijatolewa, Mama akaingia.

Mama alikuwa amechoka. Tanuri la kiwanda lilisumbua mchana kutwa, na kesho yake alikuwa na zamu ya alfajiri. Alipomaliza kunywa maji Bibi akatoka chumbani na kumweleza habari za kompyuta inayochagua watu.

"Kesho asubuhi namalizia sura ya mwisho," Bibi alisema. "Mjukuu wangu anaondoka mapema na timu ya mpira wa pete, hatakuwepo. Wewe utakuwa kazini. Dereva akija adhuhuri, nitamfungulia nani?"

Mama hakucheka. "Mama, mashine haina upendeleo," alisema. "Kama inamkubali mmoja na kumkataa mwingine, kuna sababu. Tutaitafuta." Akakunja mikono ya shati.

Kwanza alitazama taa ndogo ya kijani pale waya unapoingia. Ilikuwa inawaka kwenye kompyuta zote mbili. "Taa nzima," alisema. Kisha akafungua anwani za namba na kuzisoma, upande huu na upande ule. Zilikuwa za mtaa mmoja, zimetofautiana namba ya mwisho tu, kama alivyoziacha. "Anwani nzima." Halafu akaiamuru kompyuta ya sebuleni iite ile ya chumbani. Kwenye skrini mistari ikaanza kuteremka, kila mstari jibu moja. "Imeita, imeitikiwa. Vizuri." Mwisho akaandika neno la siri yeye mwenyewe, akakataliwa.

"Jaribu wewe, mwanangu."

Kidole akasogea kwenye kibodi. Angeweza kuandika kalamu akakataliwa kama wengine, lakini huo ungekuwa uongo wa pili juu ya wa kwanza. Vidole vyake viliandika kama vilivyozoea, na folda ikafunguka.

"Si nilikwambia!" Bibi alisema.

Mama alikuna kidevu. Kidole alimtazama kwa hofu, maana kila kitu ambacho Mama alikithibitisha kuwa kizima kilimsogezea kosa yeye. Taa haikuwa na kosa. Anwani hazikuwa na kosa. Nani alibaki?

"Huenda waya unashika na kuachia," Mama alisema. "Nilipoupitisha chini ya kitanda niliukunja sana. Ukishika, unafungua. Ukiachia, unakataa, na tunadhani ni mtu. Kidole, kaa hapa. Nimeiacha kompyuta iendelee kuita. Mimi nautikisa waya kipande kwa kipande, na wewe utazame majibu. Jibu likikosa kuja hata mara moja, piga kelele."

Akaenda chumbani. Kidole alisikia kitanda kikisukumwa, kisha magoti ya Mama yakikwaruza sakafuni.

"Hapa je? Limekosa?"

"Halijakosa, Mama."

Akasogea. Akakohoa vumbi. "Na hapa?"

"Halijakosa."

Mistari iliteremka kwenye skrini, sawasawa, bila kukatika. Mama hakurudi kuhakikisha. Kila Kidole aliposema halijakosa, Mama aliamini na kwenda mbele, akitambaa na magoti yaliyosimama kutwa kiwandani, anatafuta kosa mahali ambapo halikuwepo. Alikuwa anaving'oa vibanio kimoja kimoja. Kidole aliona jinsi anavyoaminiwa, na ikamuuma kuliko kicheko cha darasa zima.

"Na hapa kwenye kona?"

Kidole aliinuka kitini.

"Kidole? Limekosa?"

"Mama, toka huko!" Alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba. "Waya ni mzima. Mimi ndiye mwenye kosa."

Mama alitoka chini ya kitanda akiwa na utando wa buibui kichwani. Bibi alisogea. Kidole aliwatazama miguu, hakuweza kuwatazama nyuso.

"Jumatano Bibi alisema kalamu. Mimi niliandika karamu. Kwa r. Nimekuwa naandika hivyo kila mara, ndiyo maana inanifungulia. Leo mwalimu alisahihisha imla ndipo nikajua. Niliona aibu kusema. Nilitaka kubadilisha kimyakimya. Nisameheni."

Halafu mabega ya Bibi yakaanza kutikisika, na Kidole akadhani analia, kumbe ni kicheko kimemzidi nguvu. "Ole wangu!" Bibi alisema, anajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Kwa hiyo tangu jana nagonga mlango wa karamu, nimeshika kalamu! Ndiyo maana sikualikwa!"

Mama naye akacheka, akiwa bado ameketi sakafuni, na Kidole akajikuta anacheka na kulia kwa pamoja. Lakini Mama alipoacha kucheka alimwashiria akae karibu yake.

"Ulijua toka mchana?"

"Ndiyo, Mama."

"Na nilipoingia chini ya kitanda ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Mama alivuta pumzi. Hakupandisha sauti. "Wahenga wamesema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Hiyo r haikuniudhi hata kidogo. Vidole vya mtu yeyote huteleza. Kilichoniuma ni magoti yangu, na hayo yameumizwa na ukimya wako." Akasimama kwa shida, akamshika mkono. "Haya, fundi. Umelijua kosa, lirekebishe wewe."

Kidole akaketi mbele ya kompyuta kuukuu. Safari hii Bibi hakusema neno kutoka jikoni. Alisimama nyuma yake na kumsomea herufi moja moja, na alipofika kwenye l alisema, "La ya limau, la ya lulu, la ya lala salama." Kidole akaandika polepole, nukta kwa nukta. Kisha wote watatu wakaenda sebuleni. Bibi akashusha miwani, akaandika kalamu kwa kidole kimoja, akabonyeza. Folda ikafunguka. Alipiga vigelegele vilivyomleta jirani mlangoni. Kidole mwenyewe ndiye aliyemweleza jirani jinsi ile kompyuta ya miujiza ilivyokuwa, pamoja na r yake. Jirani alicheka, akaenda zake, na dunia haikuanguka.

Mama alirudisha vibanio alivyoving'oa, akaoga, akalala kabla ya chakula kupoa.

Siku ya pili timu ya mpira wa pete ilifungwa vibaya. Kidole hakujali sana. Alirudi nyumbani mbio, akamkuta Bibi sebuleni amekaa kama malkia.

"Dereva?"

"Alikuja, akaondoka. Sura ya mwisho niliimaliza asubuhi, nikaihamisha mwenyewe, mkono wa mtu haukunisaidia. Anasema Jumatatu asubuhi watoto wataanza kusikiliza." Bibi alimtazama. "Njoo hapa. Kuanzia leo, kitambaa kikitoka kwenye kitasa, wewe utaingia na kunisomea ukurasa mmoja. Tutauandama huo ulimi mpaka ujue njia. Sawa?"

"Sawa, Bibi," Kidole alisema, na kwa mara ya kwanza hakuliogopa somo hilo.

Mama aliporudi kutoka zamuni, na unga wake kwenye nyusi, Kidole alimpelekea maji na kumvua viatu. Alikaa miguuni pake kwa muda.

"Mama, jana nilipokuwa nakujibu, mbona hukuja kuangalia skrini mwenyewe? Ningeweza kukudanganya."

Mama alitua glasi. "Kiwandani, mimi ninapokuwa chini ya mtambo, mwenzangu huwa juu, kwenye swichi. Nikimuuliza 'umezima?' na akisema 'nimezima,' naingiza mkono. Siendi kuangalia. Siwezi kuwa mahali pawili." Alimshika kidevu ili watazamane. "Fundi hawezi kushika ncha zote mbili za waya, mwanangu. Lazima kwenye ncha ya pili akae mtu msema kweli. Akikosea, akiri, nitamsahihisha na tutaendelea na kazi. Lakini akificha, hata fundi bora atatambaa gizani bure, na siku nyingine atapoteza mkono. Akili za mikono unazo tayari. Nataka uwe mtu ambaye mwenzako anaweza kuingiza mkono kwa neno lake."

"Nitakuwa, Mama," Kidole alisema.

Mama alimwamini, akafumba macho na kuegemea kiti.